Kilomita 600 kwa baiskeli, Mtwara hadi Kilwa Masoko na kurudi: upepo wa kusi ulivyotunyoosha

Korosho Ghafi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Wiki mbili zilizopita nilisema humu kwamba tuna safari ya baiskeli, mkanicheka, mmoja akanishauri nikate bima ya mazishi. Tumekwenda na tumerudi. Leo ndiyo siku ya kwanza nimeweza kukalia kiti cha mbao nusu saa bila kuinuka, kwa hiyo natimiza ahadi.

Tulikuwa watu saba. Mdhamini hakuna, fulana hakuna, mgeni rasmi hakuna. Tuliazima tu sheria za waendesha masafa wa Ulaya, wenyewe wanaita brevet. Kule hakuna mshindi. Unapewa kadi, unagongewa muhuri vituoni, na kazi yako ni moja: ufike kabla muda haujaisha. Kilomita 200 una saa 13 na nusu, 300 saa 20, 400 saa 27, 600 saa 40. Saa ikishaanza haisimami. Ukila inahesabu, ukilala inahesabu, ukiziba pancha inahesabu. Baba lao ni ile ya Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200 kwa saa 90. Ilianza 1891 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne.

Sisi tukachagua 600. Unatoka Mtwara mjini, unapita Mikindani, Mnazi Mmoja, Lindi, Mchinga, Kiranjeranje, unafika Nangurukuru, unakata kulia hadi Kilwa Masoko. Hiyo ni kama 300 na ushee. Halafu unageuza unakuja zako. Muhuri hatuna, kwa hiyo tulibeba daftari, kila kituo mwenye genge au mama ntilie aandike saa na kutia saini. Mama wa Mchinga aligoma kabisa mpaka tulipomhakikishia kwamba si fomu ya mkopo wa kausha damu.

Usiku wa kuamkia safari nilipita Mikindani kumuaga babu mzaa mama. Yule mzee ujana wake wote ulikuwa baharini, kwenye majahazi. Nikamweleza mpango. Akauliza mwezi gani huu. Nikamwambia wa saba. Akatikisa kichwa: "Mnakwenda na kusi, sawa. Mnarudi na nini?"

Nikajibu kwa baiskeli, babu. Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Tulianza Jumamosi saa 10 alfajiri. Maana yake mwisho ni Jumapili saa 2 usiku. Naendelea, ngoja kwanza nimalize mteja hapa dukani.

Mkeka wa Mbele

Nimeshatandika. Kahawa na kashata ziko pembeni. Mkuu usituache porini kama wale wa "itaendelea" hadi leo.

Kitangari Juu

Chai hii. Gari lenyewe kutoka Mtwara hadi Masoko unashuka kiuno hukioni, baiskeli uende na kurudi siku mbili? Weka picha.

Korosho Ghafi

Kitangari Juu, picha ninazo za kwenda tu. Za kurudi hakuna, utaelewa mbele.

Niwataje wenzangu bila majina. Vijana wawili wana baiskeli za mbio za mtumba, matairi membamba kama mkanda. Fundi mmoja. Mwalimu mmoja wa kike, kifaa hasa, humu yupo na atajitokeza akitaka. Jamaa mmoja wa bodaboda aliyesema baiskeli ni mchezo wa watoto. Mimi na baiskeli yangu ya milimani niliyoivalisha matairi laini. Na wa saba ni mtu tunayemwita Mjomba.

Mjomba ana miaka hamsini na kitu. Miaka zaidi ya ishirini kazi yake ni kununua samaki pwani alfajiri, anawapakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli ya Phoenix na kuwapandisha vijiji vya juu, Nanguruwe huko na mbele yake. Gia moja, breki za vyuma, kengele inayosikika mtaa wa pili. Alikuja na katambuga miguuni, ming'oko (ile mizizi ya porini) ya kuchemsha kwenye mfuko, korosho za kukaanga, na chumvi kaifunga kwenye kipande cha nailoni. Vijana walimtazama wakatazamana.

Basi tukatoka. Kusi iko mgongoni. Ambaye hajawahi kusukumwa na kusi hajui raha ya dunia. Ukishamaliza vile vilima vya baada ya Mikindani baiskeli inajiendea, unajiona umezaliwa kwa ajili ya kazi hii. Lindi tukaingia saa 3 kasorobo asubuhi, kilomita mia na ushee, jasho lenyewe halijakolea. Tukaagiza supu ya pweza, chapati, tukapiga picha ufukweni, tukapiga soga.

Pale Lindi tulikaa dakika 50. Niiandike vizuri hiyo, dakika hamsini. Tukiwa tunaondoka ndipo Mjomba anaingia, taratibu, kama anakwenda shamba. Akamwomba mama asaini daftari, akanywa chai yenye sukari ya kutosha, akajaza maji, akaondoka. Hata dakika kumi hazikutimia. Hakuegemea ukuta.

Kutoka Lindi kwenda Mchinga na kuendelea ndipo tandiko lilianza kudai. Wakuu, miguu hailalamiki kwanza, wanaolalamika ni wale wengine: makalio, viganja, shingo, nyayo. Ukishapita saa ya nane unaanza kusimama kwenye pedeli kila baada ya muda kidogo ili ngozi ipumue. Aliyepaka mafuta ya mgando tangu mwanzo ana nafuu. Mimi nilisubiri mpaka kuuma, na ngozi ikishachubuka mafuta ni kama kumfariji mfiwa tu.

Karibu na Kitomanga gurudumu la nyuma la fundi likaanza kuimba. Spoku tatu zimekatika kwa mpigo, rimu imepinda, inagusa breki. Fundi mwenyewe! Alikuwa na vifaa vya kuzibia pancha za kijiji kizima, spoku za akiba hana. Akabaki. Jamaa wa bodaboda goti lilimzima Kiranjeranje, akapakia kwenye fuso na ile kauli yake ya mchezo wa watoto hatukumkumbusha. Ila nimeiandika hapa.

Fundi Spoku

Huyo fundi ni mimi, wakubwa, nimeonekana. Nijitetee kidogo. Spoku zangu hazikukatika kwa bahati mbaya, nilizikaza mno usiku wa mwisho. Ukiwa na safari ndefu usiguse gurudumu usiku wa kuamkia safari. Liguse wiki moja kabla, ulipakie mzigo, ulizungushe, lizoee. Pili, spoku za upande wa friwili ndizo hukatika sana, na kuzibadili lazima uwe na chombo cha kuvulia friwili. Sikubeba kwa sababu ni kizito. Kizito gani, gramu chache zilinirudisha nyumbani kwa basi.

Na pancha za barabara ile si miba. Ni vile vijiwaya vya chuma vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni vyembamba kama unywele, vinabaki kwenye tairi, unaziba mpira wa ndani, unajaza upepo, baada ya kilomita mbili chini tena. Pitisha pamba au kipande cha kanga ndani ya tairi, itanasa pale kijiwaya kilipo. Kidole utajichoma.

Bibi Afya

Wanawake mlikuwa na mmoja tu? Mwalimu, ukisoma hapa jitokeze tukupongeze.

Tendaguru Asili

Watu wanaona masafa haya ni uzungu, mimi nawaambia wazee wetu walishayafanya wakiwa na mizigo kichwani. Hapo mlipopita, kati ya Mchinga na Mbwemkuru, upande wa bara ndiko Tendaguru. Mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau pale, na wabebaji wakaishusha hadi bandari ya Lindi kwa miguu, safari ya siku nne, wakirudi na kwenda tena. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hadi Berlin, na yule mnyama mrefu amesimama makumbusho huko mpaka leo. Hao hawakuwa na daftari la kusaini.

Na hiyo ya Paris ya 1891 aliyeshinda ni Charles Terront, saa 71 na dakika 22, bila kulala. Wakati ule ilikuwa mashindano hasa, haya ya kadi na muhuri yalikuja baadaye.

Kitangari Juu

Sawa, nusu ya chai nimeimeza. Wanyama je? Pori lile la Kilwa tembo wanakatiza.

Korosho Ghafi

Tembo hatukumwona, tuliona kinyesi chake barabarani na kilitosha. Ngedere wengi, fisi tulimsikia usiku. Kwa kweli ninachokiogopa mimi ni lori linalokuja nyuma usiku na dereva kasinzia. Kila mmoja wetu alikuwa na taa nyekundu nyuma na ukanda wa kung'aa kifuani. Mjomba alichukua ile karatasi ya magari inayong'aa, kaibandika kwenye madigadi yote mawili. Alionekana kuliko sisi wote.

Aliyeuliza kwenye ujumbe binafsi kuhusu daraja lililokatika 2024 baada ya Kimbunga Hidaya: lile lilikuwa Somanga, kaskazini ya Nangurukuru. Sisi hatufiki huko.

Tuendelee. Nangurukuru tulifika wakati wa magharibi, Masoko saa 2 usiku juu ya alama. Saa 16 zimetumika, saa 24 zimebaki, umbali ni uleule. Pigeni hesabu. Hata mtoto wa darasa la tatu anaona tumeshamaliza. Tukachukua vyumba gesti, tukala wali na changu wa kukaanga, tukaoga maji ya moto. Mjomba akaingia saa 4. Akala, akajinyoosha kwenye mkeka barazani, akakataa chumba. Akatuambia: "Wanangu, kusi usiku inalala. Tulale kidogo nayo, tuamke kabla yake."

Tukamwambia tumekusikia Mjomba. Tukakubaliana kuamka saa 6 usiku.

Tulipitiwa na usingizi. Nilipofungua macho ni saa 8 na nusu. Mkeka barazani hauna mtu.

Binti Msimbati

Nimesoma kimya tangu juzi lakini hapa siwezi.

"Tulipitiwa na usingizi" nani? Alamu ililia saa 6 kamili, nilikuwa chumba cha pili nikaisikia kupitia ukutani. Ikalia, ikazimwa. Nikagonga mlango, wewe kaka ukajibu kabisa "dakika tano mwalimu". Mjomba mwenyewe aliondoka saa 5 na nusu, alikugongea dirisha, ukamjibu "tunakuja nyuma yako". Usiwadanganye wadau.

Bibi Afya, asante dada. Ndiyo mimi, na pongezi nitazipokea uzi ukiisha.

Mkeka wa Mbele

Hahaha uzi umepata mwalimu wa zamu. Mleta mada simama nje ya darasa.

Korosho Ghafi

Haya. Nilizima alamu. Nimekiri mbele ya taifa.

Lakini mwalimu naye aseme kwamba baada ya "dakika tano" alirudi kulala mwenyewe.

Binti Msimbati

Nilirudi. Nilijidanganya kwamba kosa litakuwa lako.

Korosho Ghafi

Tukatoka Masoko saa 9 usiku, wanne, kimya, kila mtu kanuna. Saa 17 zimebaki kwa kilomita 300. Bado inawezekana, kilomita 18 kwa saa, jana tulikwenda zaidi ya hapo tukicheka. Na hadi Nangurukuru ilikuwa shwari kabisa. Hakuna jani linalotikisika. Baridi kidogo kwa sababu ya jasho la jana kwenye nguo. Nikasema moyoni, kusi yenyewe iko wapi?

Kiranjeranje tukaingia saa 1 na nusu. Mama ntilie akasema daftari la Mjomba kashalisaini: alipita kabla ya adhana ya alfajiri. Akatuambia, "Mzee wenu kala ming'oko kasimama, kasema nikiwaona niwape salamu, ila akasema sitawaona mapema."

Saa 3 kusi ikaamka.

Wakuu, sijui niielezeje. Haikuwa dhoruba, mti haukuanguka. Ilikuwa ni mkono. Mtu mkubwa kakuwekea mkono kifuani, hasukumi kwa nguvu, ila hautoi. Unateremka mteremko na bado lazima ukanyage, ukiacha kukanyaga baiskeli inasimama. Kanyaga, kanyaga, unatazama kibao cha kilomita kile kidogo cheupe pembeni ya barabara, unasema sasa kijacho, unakanyaga mpaka umesahau, unainua kichwa, bado. Jana vibao vile sikuviona hata kimoja.

Tukapanga mstari. Wa mbele anapasua upepo, wengine wanajificha nyuma yake, dakika tano tano, halafu anapisha. Ukiwa nyuma ya mwenzako karibu kabisa unaokoa nguvu nyingi, karibu robo hivi, ila lazima macho yako yawe kwenye gurudumu lake, ukigusa tu mko chini wote. Wale vijana wa matairi membamba walikuwa wanapisha baada ya dakika mbili. Mwalimu alikuwa anavuta saba, nane. Sikusema kitu wakati ule. Nasema sasa, nilikuwa najificha nyuma yake kama mtoto kwenye kanga.

Mahali fulani kabla ya Mchinga tumbo likafunga. Chapati naitafuna inakuwa pamba. Jana nilikuwa nakunywa maji matupu lita kwa lita nikijua najitunza. Kichwa kikaanza kugonga, nikatapika mara mbili, vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kidogo, havina habari na mimi. Lindi tukafika saa 8 na nusu mchana. Vijana wawili wakatazama stendi, wakatazama basi la Mtwara, hatukuagana.

Nesi wa Zamu

Naomba nisimamishe hadithi hapa maana kuna watu watajaribu.

Jasho linatoka na chumvi. Ukirudisha maji peke yake kwa wingi, chumvi iliyoko kwenye damu inazimuka. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wanadhani umeishiwa maji wanakuongezea mengine. Hali hiyo inaweza kuua, wala si masihara. Kama huna pakiti za ORS za dukani, zile anazopewa mtu anayeharisha, tengeneza: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu. Na kunywa kwa kiu, si kwa mashindano.

Chakula: anayekanyaga mchana kutwa anahitaji wanga kama gramu 60 kwa saa, waliozoea hufika 90. Ndizi moja mbivu ni kama gramu 25 hivi. Kidogo kidogo kila nusu saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla tumbo halijachoka. Ukingoja njaa umechelewa.

Vidole hivyo viwili ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, umeubana kwenye usukani siku mbili. Badilisha mshiko kila mara. Ganzi ikipita wiki kadhaa nenda hospitali, usisubiri ushauri wa humu.

Korosho Ghafi

Asante nesi. Ganzi imebaki kidogo kwenye kidole kidogo, naandika hapa nakosea herufi ya a.

Na sasa naelewa kile kifuko cha chumvi cha Mjomba. Nilidhani ni ya ming'oko.

Lindi tulinunua ndizi, tukachanganya maji ya sukari na chumvi kama mwalimu alivyoelekeza, nikatulia robo saa kivulini. Zimebaki kilomita mia na kitu, saa tano na nusu. Na kutoka Lindi kuja Mtwara barabara inaelekea kusini mashariki, yaani unamtazama mwenye upepo usoni, na ni alasiri, wakati ambao upepo wa bahari nao umeungana na ndugu yake.

Hadi Mnazi Mmoja sikumbuki vizuri. Nakumbuka daraja la Lukuledi, na nakumbuka mgongo wa mwalimu, fulana ya kijani ina doa la chumvi lenye umbo la ramani. Mnazi Mmoja akaja mtoto anauza korosho za kukaanga. Nilitaka soda, vidole vikashindwa kufungua chupa, akanifungulia. Akanitazama akasema, "Kaka, pole." Basi. Machozi hayo. Mtu mzima, mfanyabiashara, nina watoto watatu, nalia mbele ya mtoto wa korosho.

Toka pale giza likaingia na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini yakaanza kutupita, pamoja na ya saruji. Kila lori likipita unapigwa na upepo wake juu ya ule ulionao. Mara mbili tulishuka kabisa barabarani tukasimama kwenye nyasi. Hiyo sehemu siwezi kuipamba, niliogopa. Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha mbio za kukatiza Ulaya mwaka 2013, aligongwa na gari akiwa mashindanoni Australia mwaka 2017, akafa. Na alikuwa na uzoefu kutushinda sote humu. Kama mtarudia njia hii, kipande cha Mnazi Mmoja hadi Mtwara mkipange kiwe mchana.

Saa 2 kamili usiku tulikuwa bado hatujaiona Mikindani. Mwalimu akatazama saa, akaizungusha kwenye mkono, kioo kikawa chini.

Tulimaliza saa 2 na dakika 50. Saa 40 na dakika 50. Kwa sheria zile, tumefeli.

Mjomba tulimkuta kwenye baraza la duka tulipoanzia. Kashaoga, kashaswali, kanzu safi, kikombe cha kahawa mkononi. Kafika saa 1 na nusu. Yeye peke yake kati ya saba ndiye aliyemaliza ndani ya muda, kwa Phoenix ya gia moja. Akatutazama tunavyoshuka kwenye baiskeli kama wazee wanaoshuka kitandani, akauliza kwa upole kabisa:

"Mlilala wapi?"

Kitangari Juu

Nimefuta neno chai. Mjomba apewe nishani.

Bibi Afya

Mwalimu, dakika 50 hizo za Lindi mlizokaa mnapiga picha... ni zilezile!

Binti Msimbati

Dada, tumeshaliona. Njiani tuliliona kabla ya kufika Mchinga, na hakuna aliyelisema.

Fundi Spoku

Mimi jana nimemfuata Mjomba gengeni nikamuuliza siri ni nini, nikidhani ataniambia habari ya grisi au cheni. Akaniambia kulala chini ya saa moja u nusu kulimtesa, kwamba karibu na Mbwemkuru alisikia adhana katikati ya pori ambako hakuna hata kibanda, akashuka, akanawa uso, akakaa chini mpaka iliponyamaza. Kwa hiyo msidhani yeye ni chuma.

Ila kuhusu muda akacheka. Akasema: "Nyinyi saa mmeianza juzi. Mimi yangu iko ndani ya tenga miaka yote, na ukichelewa inanuka."

Mkeka wa Mbele

Mnarudia lini? Nina baiskeli ya mtumba hapa imelala tangu mwaka jana.

Korosho Ghafi

Mwakani mwezi wa saba, Mungu akipenda. Mtwara hadi Dar, moja kwa moja, kama 560. Jana nilikwenda kumsalimia babu na kumpa habari hiyo. Akanyamaza kidogo, nikajua linakuja.

"Mnakwenda na kusi."

"Ndiyo babu."

"Mnarudi na nini?"

"Na basi, babu."

Akasema sasa nimeanza kuwa baharia.

Mkeka wa Mbele

Baiskeli kwenye buti wanatoza bei gani?

Fundi Spoku

Konda anakupima kwa macho. Ukifika umevaa ile kaptura ya kubana unalipa mara mbili. Vaa msuli, mwambie unapeleka Phoenix kwa fundi.